Kibanda cha mchemsho pale Kirumba: chakula safi, mwili unapungua, ila juisi yao waachie wenyewe

Wapendwa mnaoniulizaga kila siku "mbona umepungua, unatumia nini", jibu langu refu ndo hili, mkimaliza kusoma msinitumie tena meseji. Sijanywa chai ya kuharisha, sijanunua kopo la unga wa kukoroga, na jimu naionaga nikiwa dirishani kwenye daladala. Nakula kwa mama mmoja pale Kirumba, Mwanza, njia ya kushukia soko la samaki la Mwaloni, kibanda cha mabati chenye turubai la bluu mbele, hakina kibao wala jina, ukiuliza wauza dagaa wa pale "mama wa mchemsho yuko wapi" watakuonyesha kwa mdomo huku mikono iko kwenye debe.

Nitoe maksi kabisa mapema kwa wasiopenda kusoma: chakula tisa kwa kumi, huduma ya kuletewa ofisini tano, juisi sifuri, na hiyo sifuri nimempa kwa heshima tu.

Kwanza ieleweke hiki kibanda hakijafunguliwa kwa ajili ya watu wa kupunguza mwili. Wateja wake wakubwa ni wabeba mizigo wa Mwaloni, wachuuzi wanaotoka visiwani na dagaa, madereva wa fuso, watu wanaotaka kula washibe wakabebe gunia. Sisi wa ofisini tumevamia tu baadae. Na ndo raha yake, maana hakuna mtu anakuletea sahani ina matango mawili na jani la saladi af anakwambia hiyo ni lishe bora shilingi 15,000. Pale unapewa chakula.

Hapo jikoni hakuna karai la mafuta. Kuna kikaango kimoja kidogo cha kukaangia mayai kwa wanaotaka, basi, vingine vyote ni vya kuchemsha au kuchoma. Asubuhi kuna viazi vitamu, mihogo, magimbi yakipatikana, mayai ya kuchemsha, chai ya rangi yenye tangawizi ya kweli, maziwa. Mchana ugali wa dona au wa mtama, siku moja moja wa udaga (wa muhogo), halafu sato, dagaa, supu ya mapanki (mifupa ya sangara), choroko, na mboga za majani aina mbili tatu kutegemea soko limeamkaje. Unamalizia na kipande cha papai au tikiti. Ukiagiza soda anakunyooshea kidole duka la jirani, yeye hauzi.

Mchemsho wa sato ndo uliomjengea jina asilokuwa nalo. Nimesimama kumwangalia anavyoupika (anaruhusu, tena anapenda watu wenye maswali) na nawaambia hakuna dawa yoyote mle. Sufuria pana, chini anatandika vitunguu maji alivyokata mviringo, juu nyanya, karoti, hoho, ndizi mbichi alizomenya na kupasua mbili mbili, tangawizi na kitunguu saumu alivyotwanga hapo hapo kwenye kinu kidogo cha mti, ndo samaki mzima analazwa juu amechanjwa ubavuni, anakamuliwa ndimu, chumvi anashika kwa vidole vitatu, maji hayafiki hata nusu ya samaki. Anafunika, anavuta kuni mbili nje moto upungue, anaenda kuhudumia watu. Hageuzi wala hakorogi. Akifunua, mchuzi umetulia na juu yake kunaelea matone madogo madogo ya mafuta ya rangi ya dhahabu, hayo ni ya samaki mwenyewe, yeye hajaongeza hata tone. Ukionja unaelewa kwamba miaka yote tumekuwa tukila ladha ya mafuta ya kupikia tukidhani ni ladha ya sato.

Na hapa kwenye mafuta ndo pana hesabu ambayo watu wengi hawaipigi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wanga na protini ni 4 kwa gramu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120, na nani kwetu anapika kwa kijiko kimoja? Samaki anazamishwa kwenye karai, akitoka anaungwa tena kwenye rosti, mboga nayo inaungwa, maharage yanaungwa, wali una mafuta yake, ukijumlisha hiyo sahani umekula kalori nyingi ambazo hata hazijakushibisha, zimepita tu. Sisemi mafuta ni sumu. Nasema huwezi kukaa kwenye kiti kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja ukala vile af ukashangaa zipu.

Tukija kwa dagaa, hapa nitakaa kidogo maana dagaa wa Mwanza wana kesi. Wengi tunawajua kwa mchanga. Wakianikwa chini ufukweni wanakusanywa na kila kitu, unakula huku meno yanalia krr krr, ndo maana mtu akipata wa Kigoma anawasifia mpaka kero. Huyu mama ananunua walioanikwa kwenye vichanja, bei iko juu kidogo ila ukiwamimina kwenye ungo unaona wenyewe wameng'aa kama fedha, hakuna vumbi. Hata hivyo bado anawaosha kwa maji ya moto, anawachambua, anawapika na nyanya na kitunguu na bilinganya ikiwepo, mwishoni anaweka pilipili mbuzi nzima bila kuipasua. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa unamla na mifupa yake unapata na madini ya chokaa. Kwa anayetaka kupungua bila kupoteza nguvu sioni kitu cha bei hii kinachomfikia. Sahani ya ugali, dagaa na mboga ni shilingi 2,500. Ofisini kwetu kuna dada anatuuzia kopo la unga wa kupunguzia tumbo kwa 180,000. Gawanyeni wenyewe, ni sahani 72.

Angalizo kwenye dagaa: fuateni mwezi. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa wanapumzika kwa sababu wanavua kwa taa na taa inataka giza, kwa hiyo siku hizo dagaa wabichi hakuna, wakavu wanapanda bei na mama anapunguza kipimo bila kutangaza. Msigombane naye.

Mboga. Jamani mboga. Kama umekulia kwetu huku kanda ya ziwa unajua nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yanapikwa na karanga za kusaga mpaka yanakuwa mazito. Za kwake nzuri sana, na ndo hapo ninapowaonya, maana watu wakisikia chakula halisi wanadhani hakina uzito. Karanga ni halisi kabisa, zimetoka shambani, lakini gramu 100 zinakaribia kalori 570, na huyu mama kwenye karanga habani mkono hata kidogo. Mimi naomba nsansa kijiko kimoja cha kuonjea na matembele au mchicha bakuli zima. Mgagani anaupika na maziwa ili uchungu upungue, huo naumaliza wote. Mlenda anatia magadi, na magadi ni chumvichumvi ya sodiamu, wenye presha ulizeni kwanza, siku nyingine anapika bila magadi kwa kuongeza bamia. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, na kwenye mlenda wa magadi na dagaa wa chumvi unaweza kukimaliza kabla ya jua kuzama.

Haya ugali. Sisi Wasukuma na ugali tuna mkataba, mtu anakula mchele sahani mbili anakwambia leo sijala. Kwa hiyo mkinisikia nasema chakula cha kupunguza mwili msidhani nimeacha ugali, sijaacha na sina mpango. Nilichokipenda pale ni kwamba mahindi anachagua mwenyewe, anapeleka mashine, anasagiwa dona, unga haukai zaidi ya wiki. Na hili la kutokaa lina sababu, dona ina kiini cha hindi ndani na kiini kina mafuta, ukiiweka muda mrefu inachacha inakuwa chungu, ndo maana wafanyabiashara wanapenda sembe, haiharibiki haraka. Kuchagua mahindi nako si mapozi. Mahindi yaliyolala na unyevu yanaota ukungu wenye sumukuvu, mnakumbuka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa. Sasa ukisaga dona unasaga hindi zima na pumba zake, kwa hiyo mahindi yakiwa mabaya unakula ubaya wote. Nimemwona amekaa kwenye kigoda anapepeta, anatupa kando yaliyobadilika rangi, kuku wa jirani wanakuja anawafukuza nao wasile.

Ila kuna uongo mmoja kuhusu dona nauondoa hapa hapa. Watu wanadhani dona haina kalori. Gramu 100 za unga wa dona na gramu 100 za sembe zinakaribiana kabisa, zote ziko kwenye 350 na ushee. Tofauti ni zile pumba, zinakaa tumboni, unashiba kwa tonge chache na njaa inachelewa kurudi. Hiyo ni kama utaacha tonge ziwe chache. Mama akikupakulia kama anavyowapakulia wabeba gunia umekwisha, dona au sio dona. Mimi nilimwambia siku za mwanzo, "mama nipunguzie, nataka nusu", akaniangalia kwa huruma akauliza, "mwanangu unaumwa?" Mpaka leo akinipakulia nusu anaongeza mboga bila kuombwa, nadhani bado anaamini nina shida nyumbani.

Viazi vitamu vya asubuhi vinachemshwa na maganda yake, unamenya mwenyewe mezani. Nawashauri hivyo kuliko vya kuchoma, maana kiazi cha kuchemsha sukari yake inaingia kwenye damu taratibu kuliko kilichochomwa muda mrefu mpaka kikawa asali. Kiazi kimoja cha wastani, yai, chai bila sukari, mi nafika saa saba mchana sijatafuta kitafunwa. Anauza na michembe na matobolwa kwenye vifuko vya karatasi, hivyo chukueni kwa akili. Ni kiazi kilichotolewa maji, ngumi moja ya matobolwa ni kiazi kizima na zaidi, na unavyotafuna huku unaongea na simu unamaliza viazi vinne hujui.

Sasa kwa nini mwili unapungua wakati nashiba? Hili nimeliwaza sana nikiwa nimekaa kwenye lile benchi, na jibu langu ni kwamba chakula cha pale kina kazi. Sato ana miba, huwezi kummeza ka mkate, lazima uchambue, uteme, utulie, ukikosea unakabwa. Mapanki ndo kabisa, ile mifupa ya sangara iliyobaki baada ya viwanda kutoa minofu ya kupeleka nje, unafyonza mfupa mmoja mmoja, bakuli la supu linachukua nusu saa na nyama yenyewe ukiikusanya haijai kiganja. Kiazi unamenya. Dona inatafunwa. Kichwa kinapata muda wa kupokea taarifa kwamba tumbo limejaa. Chipsi yai hiyo haina kazi, ni kijiti na kinywa, dakika saba sahani nyeupe na bado unatafuta kitu kitamu.

Na si mimi tu wa Kirumba ninayesema. Kuna watafiti wa Marekani, Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya kule, mwaka 2019 walitoa matokeo ya watu 20 waliowaweka ndani ya kituo mwezi mzima, wiki mbili wanakula vyakula vilivyosindikwa sana vya kiwandani, wiki mbili wanakula vyakula visivyosindikwa. Vilivyopangwa mezani vililinganishwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliambiwa kula utakavyo. Kwenye vya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku na walikula haraka zaidi, wakaongezeka karibu kilo moja, kwenye vile vingine wakapungua karibu kilo moja. Hakuna aliyewaambia wajinyime. Ni watu wachache na muda mfupi, sawa, ila mimi nikisoma vile naliona benchi la mama.

Mtu ataniuliza, dagaa wa kukaushwa si wamesindikwa? Wale Wabrazili wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Carlos Monteiro na wenzake, walioanza kupanga vyakula kwa jinsi vilivyosindikwa, wanaweka makundi manne. La kwanza ni vyakula vyenyewe, hata vikikaushwa au kusagwa au kugandishwa bado viko humo. La pili ni vya kupikia, mafuta, sukari, chumvi. La tatu vilivyotiwa hivyo vya la pili, samaki wa chumvi, mkate wa kawaida wa kuoka. La nne ndo vya kiwandani hasa, soda, soseji, tambi za dakika mbili, biskuti, vile vidonge vya mchuzi. Kwa hiyo dagaa wa jua yuko kundi la kwanza na dona pia. Akitiwa chumvi nyingi anahamia la tatu. Na nilipomuuliza mama kama anatumia vidonge vya mchuzi alikasirika kidogo, akanionyesha kinu chake.

Nimesifia sana, sasa tugombane.

Huduma ya kuletewa. Unaagiza wasap kabla ya saa nne asubuhi, unaleta hotipoti yako yenye jina, bodaboda anazikusanya kwenye kreti na kuzigawa mjini, mwisho wa wiki unalipa kwa simu, nauli 1,000 kila oda kama uko katikati ya mji. Kwenye maneno imekaa vizuri. Kwenye vitendo anayepakia si mama, ni binti yake mdogo wa kumsaidia, na binti ana imani yake kuhusu chakula cha watu wa ofisini. Niliagiza ugali nusu, dagaa, mgagani. Nikafungua hotipoti mbele ya wenzangu nikakuta wali mweupe umeng'aa mafuta na kipande cha samaki wa kukaanga, na kwa mama hakuna karai, sijui alikitoa wapi! Nikapiga simu.

"Dada, ugali uliisha, nikaona nikuwekee wali."

"Na huyu samaki wa kukaanga?"

"Nimekununulia kwa jirani dada, ile hela ya dagaa nikaongezea. Kwani wali si chakula?"

Utamgombeza vipi mtu aliyetumia hela yake ili ule vizuri? Nikala. Lakini imejirudia kwa namna nyingine, mara mboga imekuja kijiko kimoja na ugali umejaa mpaka mfuniko, mara chakula kinafika saa nane na nusu kimepoa kwa sababu bodaboda alipitia Igogo kumshusha abiria. Kama lengo lako ni kupungua kweli, nenda mwenyewe ukakae kwenye benchi, uone unachopakuliwa. Na ile kutembea kwenda na kurudi nayo ni faida, sitaki kumpa mama sifa zote wakati miguu yangu nayo imefanya kazi.

Juisi. Hapa nakuwa mkali. Embe zuri kabisa, nanasi la Sengerema lenye harufu mpaka barabarani, chungwa la Ukerewe, vitu ambavyo ukipewa kipande ukatafuna ni furaha tupu, wanavitia kwenye mashine na maji, wanachuja, nyuzinyuzi zote zinabaki kwenye chujio zinamwagiwa kuku, halafu binti yule yule anamimina sukari kwenye jagi la lita tano moja kwa moja kutoka kwenye mfuko, hapimi, anaangalia tu kama amefika. Kazi yote ambayo meno yangeifanya imeshafanywa, unakunywa maembe matatu kwa funda sita. Soda ya mililita 350 ina sukari takriban gramu 37, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya kwenye juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, ambayo kwa anayekula kalori 2,000 ni gramu 50, na ikishuka mpaka 25 ndo vizuri zaidi. Sasa mtu anakataa soda kwa jirani, anajiona mshindi, anamaliza jagi dogo la juisi ya "asili". Nimemwambia mama auze vipande vya matunda kwenye bakuli, akasema vipande vinakaliwa na nzi na wabeba mizigo wanataka kitu cha baridi. Ana pointi. Mimi nakunywa maji.

Vingine vidogo: choo hakuna, utaomba sokoni na utalipa. Maji ya kunawa yapo na sabuni ipo kila mara, hilo nampongeza. Mchana wa jua mabati yanatema joto, kaeni upande wa mti. Mchemsho wa sato ni 7,000 samaki wa wastani na 10,000 mkubwa, na mkubwa anatosha wawili, wanaobisha wajaribu. Samaki akiadimika ziwani bei inapanda na hakuna kujadiliana. Jumapili kafunga, yuko kanisani.

Matokeo sasa kwa wanaopenda namba. Nyumbani sina mzani, napima duka la dawa moja karibu na ninapokaa, kuanzia kabla ya Pasaka mpaka Sabasaba nimepungua kilo nne. Najua kuna matangazo yanaahidi kilo kumi kwa wiki mbili. Hongereni. Mimi nilipungua nikiwa nakula ugali, sijazimia ofisini, na jioni nyumbani sikubadilisha kingine zaidi ya kuacha soda na mkate wa saa kumi. Tena kuna wiki nilikwama kabisa, mzani umeganda, nikagundua ni wiki za msiba na harusi, pilau na chapati za kusukumia, hilo halimhusu mama. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za presha, mjamzito au anayenyonyesha, msianze kunifuata mimi, nendeni hospitali, Sekou Toure au Bugando, mkaongee na mtu wa lishe, maana ukipunguza ugali ghafla huku unameza dawa za sukari unaweza kuanguka.

Namshauri nani aende? Wewe unayekula kwenye vibanda kila siku kwa lazima, umechoka kuambiwa upike nyumbani wakati unatoka saa kumi na mbili asubuhi unarudi saa mbili usiku. Anayetaka sehemu ya kupigia picha asiende, sahani ni za plastiki na zimechubuka. Anayependa nyama choma pia atasononeka, nyama pale ni Ijumaa tu, ya kuchemsha, ngumu.

Kwa mtakaoenda kwa mara ya kwanza: fikeni kabla ya saa saba kwa sababu mgagani unaisha, na ukiisha haurudi. Msalimieni Kisukuma hata kama mnajua "mwangaluka mayu" tu, kipande cha sato kinanenepa. Semeni kipimo cha ugali kabla mwiko haujaingia kwenye sufuria, ukishaingia hautoki na nusu. Supu ya mapanki ombeni yenye ndimu pembeni. Na kama binti ndo anapakua siku hiyo, simameni hapo hapo mumwangalie mkono.